Anayedai Haoni: Kupima Ukweli wa Jicho, Kutoka Minhaj Hadi Kadi za Ishihara

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kabanga ni mji mdogo wa mpakani katika wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, unaotazamana na Kobero ya Burundi. Malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Bujumbura hupita hapo, na dereva akishavuka huacha upande wa kushoto wa barabara akashika wa kulia. Wilayani humo ipo pia hazina kubwa ya nikeli, ambayo mradi wake uko mikononi mwa kampuni ya Tembo Nickel, iliyoundwa mwaka 2021 kwa ubia wa Serikali na wawekezaji. Mahali penye malori, mashine na nyaya za umeme, jicho la mtu ni mtaji wake. Na penye mtaji hapakosi madai.

Tuliweke swali letu kwa namna wanavyoliweka mafakihi. Zaid ni mpiga rangi wa magari katika karakana moja ya mpakani. Baada ya miaka mingi ya kuvuta mvuke wa dawa za kuyeyushia rangi, anadai kuwa macho yake hayapambanui tena rangi kama zamani, na anataka fidia. Bakari, mwenye karakana, anajibu: "Huyu ni mzima, anajitia tu." Hapana jeraha wala damu, na jicho la Zaid linang'aa kama la mtu mwingine yeyote. Je, nani asadikiwe, na kwa njia gani?

Msomaji anaweza kudhani kuwa swali hili limezaliwa pamoja na viwanda. Sivyo. Limo katika vitabu vya fikihi vinavyosomeshwa katika darsa za pwani yetu tangu zamani, na majibu yake yana mafunzo ambayo hospitali na ofisi za fidia za leo zinayahitaji.

UDHURU WA TABUK

Mwezi wa Rajab mwaka wa 9 Hijria (630), Mtume (s.a.w.) alitangaza safari ya Tabuk wakati wa joto kali na matunda yameiva. Qur'ani ilikuwa imekwisha kumwondolea kipofu, kiwete na mgonjwa lawama ya kutotoka (al-Fat-h, aya ya 17), na kabla ya hapo sahaba kipofu Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.) ndiye aliyekuwa sababu ya wenye udhuru kutolewa katika aya ya 95 ya Suratun Nisaa. Udhuru wa kweli, basi, ulikuwa na heshima yake. Lakini mlango wa udhuru ukifunguliwa, waongo nao hupita humo.

Mtume (s.a.w.) aliporejea, walimjia watu zaidi ya themanini wakiapa na kutoa sababu. Alizipokea kauli zao za dhahiri na ya moyoni akamwachia Allah. Kaab bin Malik (r.a.) alikataa kusema uongo, akasusiwa siku hamsini, kisha toba yake ikashuka katika Suratut Tawba. Mwongo hakupimwa, na mkweli ndiye aliyeonja tabu kwanza.

Je, hii ina maana kwamba kila anayedai asadikiwe bila kupimwa? Hapana. Kutoka kwenda vitani kulikuwa haki ya Allah, Naye anayajua yaliyofichika. Ama fidia ya jicho ni haki ya mja juu ya mja mwenziwe: ukimpa Zaid bila haki umemdhulumu Bakari, na ukimnyima bila haki umemdhulumu Zaid. Hapo ndipo mafakihi walipolazimika kutafuta namna ya kupima.

NG'E, CHUMA NA YAI

Imam an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H/1277) ameeleza katika Minhajut Talibin, mlango wa diya, kuwa kuondoa nuru ya jicho moja kuna nusu ya diya, hata kama jicho lenyewe limebaki mahali pake. Kisha anakuja kwenye tatizo letu: aliyejeruhiwa akidai kuwa nuru imeondoka, wataulizwa watu wenye ujuzi, au atafanyiwa mtihani kwa kusogezewa ghafla ng'e au kipande cha chuma karibu na jicho, na kutazamwa iwapo atashtuka.

Mantiki yake ni nyepesi. Mwongo anaumiliki ulimi wake, lakini haumiliki mshtuko wake. Katika madai ya uziwi njia ni hiyo hiyo: apigiwe kelele akiwa amelala au ameghafilika.

Lakini jambo kubwa zaidi ni lile linalofuata baada ya mtihani. Wafafanuzi wa Minhaj wanasema: asiposhtuka, mdai atasadikiwa pamoja na kiapo chake, akishtuka, atasadikiwa mshitakiwa, naye pia pamoja na kiapo chake. Kwa nini kiapo kibaki ilhali mtihani umeshazungumza? Kwa sababu, kama walivyoeleza katika suala la kusikia, mshtuko unaweza kusadifu tu kwa sababu nyingine. Na asiyeshtuka huenda ameuzuia mwili wake kwa ushupavu. Mtihani unaipa nguvu kauli ya upande mmoja, lakini haukati shauri peke yake.

Ama mtu akidai kuwa nuru imepungua tu, ushahidi wa zamani zaidi ni kitendo cha Sayyidna Ali (r.a.), ambacho Ibnul Mundhir (aliyefariki mwaka 318 H) alikiona kuwa ndicho kizuri zaidi kilichosemwa katika jambo hili, na Ibn Qudama (aliyefariki mwaka 620 H/1223) akakinukuu katika al-Mughni. Jicho moja lilifungwa, mtu akapewa yai na kwenda nalo huku mdai akilitazama mpaka mwisho wa uoni wake. Hapo pakapigwa mstari. Kisha likafungwa jicho la pili na kufanywa vivyo hivyo. Halafu akageuzwa upande mwingine na yote yakarudiwa. Masafa yalipolingana, alipewa kwa kadiri ya upungufu wake.

Tazama hekima ya kumgeuza. Mwongo anaweza kukisia mahali pa kusema "sioni" mara ya kwanza, lakini ni vigumu akisie umbali ule ule mara ya pili, mbele ya mandhari tofauti. Mkweli hana haja ya kukumbuka alichosema, kwa kuwa jicho lake linamjibia.

NGUO ZA RANGI NA MTU WA MANCHESTER

Rangi imo ndani ya mtihani huu. Ibn Qudama anaeleza kuwa mdai akisema ameona kitu kilichosogezwa mbali, kisha akaitaja rangi yake, ukweli wake hujulikana. Wafafanuzi wa Kishafii wa baadaye, akiwemo Sheikh Zakariyya al-Ansari (aliyefariki mwaka 926 H/1520), waliona ujanja mwingine: mdai anaweza kulizidishia jicho zima sifa ili lile bovu lionekane limepungukiwa zaidi. Dawa yake, wakasema, ni kumbadilisha nguo yule mtu anayesogezwa mbali na kumpeleka pande nyingine. Miisho ya uoni ikilingana, mdai ni mkweli.

Ni njia ya werevu. Lakini ndani yake imo dhana kwamba kila mwenye jicho zima anaziona rangi kama wenziwe. Tarehe 31 Oktoba 1794, mkemia John Dalton alisoma mbele ya wanachuoni wa Manchester, Uingereza, maelezo ya macho yake mwenyewe: rangi ambazo watu walizitofautisha waziwazi, kwake zilikuwa karibu kitu kimoja. Kabla yake hali hiyo haikuwa imeelezwa kitaalamu kwa upana kama huo. Leo tunajua kuwa miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini karibu asilimia 8 wana upungufu wa kutambua wekundu na ukijani, na wanawake kiasi cha asilimia 0.5. Kwa Waafrika viwango vilivyopatikana kwa kawaida ni vya chini zaidi, lakini watu hao wapo.

Sasa mfikirie mtu wa aina hiyo mbele ya kadhi wa karne ya kumi. Anaulizwa juu ya kanzu ya kijani, naye anaitaja rangi nyingine. Angeonekana mwongo, ilhali amesema alichokiona. Mtihani ulikuwa mzuri kwa kadiri ya elimu ya wakati wake, na kiapo kilichobaki nyuma yake kilikuwa kinga ya mtu ambaye elimu hiyo ilikuwa haijamjua bado.

SI KILA ANAYEJITIA NI MLAFI

Historia inatutahadharisha na kosa jingine, nalo ni kumdhania kila anayejitia kuwa ni mwizi wa fedha. Ibnul Haytham wa Basra, mwandishi wa Kitabul Manadhir ambacho ni msingi wa elimu ya kuona, anasimuliwa na waandishi wa tarehe kuwa alijitia wazimu mjini Cairo kwa kumwogopa mtawala al-Hakim, mpaka mtawala huyo alipotoweka mwaka 411 H/1021. Mwalimu mkubwa wa elimu ya jicho naye alijificha nyuma ya maradhi ya uongo, kwa hofu ya roho yake.

Huko huko Misri, Muhammad Ali Pasha alipoanza kuwaandikisha wakulima jeshini kwa nguvu katika miaka ya 1820, wapo waliojitoboa jicho au kujikata kidole ili waachwe. Jibu la Pasha lilikuwa kuunda vikosi vya walemavu hao hao. Mpimaji aliyekaa mbele ya watu kama hawa alijifunza kumshuku kila mtu, na shuka hiyo ikageuka kuwa mazoea ya kazi.

NYUZI ZA UPPSALA, KADI ZA TOKYO

Reli ndiyo iliyoipa rangi uzito wa uhai na mauti. Novemba 1875 treni mbili ziligongana Lagerlunda, Sweden, watu tisa wakafa. Profesa Frithiof Holmgren wa Uppsala alishuku kuwa mmoja wa wahusika hakuitambua rangi ya taa ya ishara. Mwaka uliofuata akatoa mtihani wake: vishada vya nyuzi za sufu za rangi nyingi. Mtu hupewa kishada kimoja na kuambiwa achague vinavyofanana nacho. Hatakiwi kutaja jina la rangi hata moja, kwani Holmgren alielewa kuwa jina la rangi ni la lugha, na kufanana kwa rangi ni kwa jicho.

Mwaka 1917 Dkt. Shinobu Ishihara wa Tokyo, aliyekuwa amepewa na jeshi la Japani kazi ya kutunga mtihani wa kuwapima askari wapya, alitoa kadi zake zenye vidoto vya rangi ambavyo ndani yake hutokea tarakimu. Kadi hizo ndizo zinazotumika hadi leo duniani kote. Ukizichunguza utaona kuwa zinaweza kumnasa mwongo kwa njia tatu.

Kwanza, kadi ya mwanzo ina namba 12, ambayo inasomeka na kila mwenye uoni wa kutosha, hata asiyetambua rangi. Anayejitia hudhani kuwa mtu wa upofu wa rangi haoni chochote, basi naye husema "sioni" tangu kadi hiyo, na hapo huanza kujifichua.

Pili, katika baadhi ya kadi mwenye upungufu wa kweli husoma tarakimu nyingine. Penye 8 huona 3, penye 6 huona 5, na penye 29 huona 70. Mwongo hana njia ya kuyajua hayo kama hakufundishwa. Ukweli wa mgonjwa unajulikana hapa kwa kosa lake, kwa kuwa kosa la kweli lina mpangilio wake.

Tatu, zipo kadi zenye tarakimu iliyofichwa, ambayo mwenye macho mazima haioni na mwenye upungufu huweza kuiona. Lakini si wenye upungufu wote huiona, na kwa hiyo kadi hizo ni dalili dhaifu.

Baadaye Dean Farnsworth wa Marekani alileta mwaka 1947 mtihani wa vifuniko 15 vya rangi ambavyo mtu huvipanga kwa ukaribu wa kufanana. Mwenye upungufu hukosea kuelekea upande mmoja unaojulikana, na anayejitia mara nyingi huvuruga ovyo. Kipo pia chombo cha Nagel cha mwaka 1907, ambamo mtu huchanganya taa nyekundu na ya kijani mpaka ilingane na ya njano. Mchanganyiko anaoukubali mgonjwa wa kweli una mipaka ambayo mzima hawezi kuikisia kwa urahisi. Na juu ya yote upo utaratibu wa Sayyidna Ali (r.a.): rudia siku nyingine, badilisha mpangilio wa kadi, pima kila jicho peke yake. Upofu wa rangi wa kuzaliwa haubadiliki wiki hadi wiki, na kwa kawaida macho yote mawili huwa sawa. Utaratibu huo huo humfichua pia yule wa upande wa pili, anayeficha upungufu wake kwa kuzikariri kadi ili apate kazi ya udereva au ya umeme.

Ama anayedai upofu kamili, ng'e wa Minhaj amepata warithi. Ngoma yenye mistari huzungushwa mbele ya macho, na jicho linaloona huifuata bila hiari. Au huambiwa agusanishe ncha za vidole vyake viwili: kipofu wa kweli huweza, kwa kuwa mwili unajua vidole viko wapi, naye mwongo huvikosanisha kwa makusudi.

PALE MTIHANI UNAPOMDHULUMU MKWELI

Turudi sasa Kabanga. Zaid anafika kwa mpimaji mwenye kadi za Ishihara peke yake, anazisoma zote sawasawa, na ripoti inaandikwa kuwa madai yake ni ya uongo. Je, hukumu hiyo ni sahihi?

Kadi za Ishihara zilitungwa kwa upungufu wa wekundu na ukijani, ambao ndio wa kuzaliwa kwa walio wengi. Ama madhara yanayotokana na mvuke wa dawa za kuyeyushia rangi mara nyingi huanzia kwenye buluu na njano, na huenda yakalidhuru jicho moja zaidi ya jingine. Kwa hiyo Zaid anaweza kuwa mkweli kabisa na akazisoma kadi zote. Vivyo hivyo mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia ethambutoli anaweza kupoteza utambuzi wa rangi katikati ya matibabu, bila ya kuzaliwa nao. Anayemwambia "mbona zamani ulikuwa mzima?" amegeuza dalili ya ugonjwa kuwa ushahidi wa uongo.

Kisha lipo suala la lugha. Wahangaza na Washubi wa Ngara wana lugha zao, na Kiswahili chenyewe huazima majina ya rangi kutoka kwenye majani, majivu, kahawa na mbingu. Mtu akiiita kijani kwa jina ambalo mpimaji halitarajii, hilo ni jambo la ulimi. Na asiyejua kusoma tarakimu asiambiwe kuwa anajitia haoni: Ishihara mwenyewe aliweka kadi zenye mistari ya kufuatishwa kwa kidole kwa ajili ya watu hao.

Lipo na la nasaba, ambalo ni zito zaidi. Upofu wa rangi wa kuzaliwa hurithiwa kupitia kwa mama, na mwanamke mwenye upofu wa wekundu na ukijani hutarajiwa baba yake awe nao pia. Baadhi ya wapimaji hutumia kanuni hii: binti anadai, baba ni mzima, basi binti ni mwongo. Lakini anayefuata njia hiyo mpaka mwisho atajikuta amegusa mlango ambao sharia imeufunga kwa kufuli: nasaba ya mtoto huthibiti kwa ndoa, na hairuhusiwi kuvunjwa kwa dhana ya mpimaji wa macho. Habari za ukoo zimsaidie daktari kuchagua kipimo cha pili. Zisiandikwe kuwa hukumu.

MPIMAJI SI KADHI

Katika zama za ukoloni Minhaj ilikuwa mezani pa majaji wa Kiingereza wa pwani hii, hasa baada ya kutoka tafsiri ya E. C. Howard mwaka 1914. Lakini walichokitaka humo kilikuwa ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Mlango wa diya ulibaki wa kusomwa msikitini tu. Madai ya mwili yakaenda kwenye sheria za nchi, na leo Tanzania Bara yanatawaliwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo Mfuko wake ulianza kazi Julai 2015, pamoja na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inayohusu upimaji wa afya za wafanyakazi.

Hatudai kuwa ng'e arejeshwe kliniki. Tunachosema ni kwamba mlango ule una mpango wa kazi ambao haujachakaa. Mwenye ujuzi hulisemea jicho. Mtihani wa ghafla na wa kurudiwa hupima kauli. Kiapo hubeba kile ambacho ujuzi na mtihani havikukifikia, kwa kuwa jambo lililo ndani ya mtu halijulikani ila kwake. Na mwenye kukusanya yote hayo na kuhukumu ni kadhi. Daktari anayeandika "anadanganya" amekikalia kiti kisicho chake. Anayeandika "majibu yake hayaafikiani na upungufu wa kuzaliwa, na kipimo cha buluu na njano hakijafanywa" amesema anachokijua.

Basi jibu la masala yetu ni hili. Zaid apelekwe kwa wenye ujuzi wawili walio waadilifu, apimwe kwa zaidi ya njia moja, kwa lugha anayoielewa, na kila jicho peke yake, kisha arudiwe siku nyingine. Majibu yake yakifuata mpangilio wa ugonjwa unaojulikana, apewe haki yake kwa kadiri ya upungufu. Yakipingana yenyewe kwa yenyewe, Bakari asilazimishwe kulipa. Na yakibaki katikati, aliyekabidhiwa kuhukumu ampe kila mmoja nafasi ya kusema chini ya kiapo, akikumbuka kuwa Qur'ani imetuamrisha kujiepusha na dhana nyingi, na kwamba kumtangaza mtu mwongo ni jeraha ambalo halina kiwango chake katika jedwali la fidia.

Wallahu a'alam.